Miaka Saba ya Kukalishwa

Watu wakiniuliza dada yangu alivunjikaje, nawaambia alianguka kutoka kwenye kiti. Wanacheka. Wengine wanauliza, kiti gani hicho, cha enzi? Nami nawajibu, kiti cha mbao cha kawaida, chenye mto. Mto ulioshonwa kwa mapenzi. Hapo wakiutazama uso wangu wanaacha kucheka.

Mimi ni msusi. Nasimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu, nasikia mengi, na mdomo wangu haujawahi kusifiwa kwa upole. Dada yangu ni kinyume changu: maneno machache, miguu mingi. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na huko walimwita Sajini, kwa sababu alitembea kama mtu mwenye kikosi nyuma yake. Mashuka ya wodi nane yalipita mikononi mwake. Alibeba begani furushi la mashuka mabichi ambalo wanaume wawili wa getini waliwahi kulijaribu wakalitua njiani, kila mmoja akisingizia kwamba simu yake inaita. Jioni akifika nyumbani bado aliteka maji, akasugua sakafu, akawakimbiza wanawe wawili wakaoge. Mume wake alipofariki watoto wakiwa wadogo, wala hakukaa chini kulia. Alilia amesimama, anafua.

Sasa, shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, labda kama unataka kulifagilia sakafu. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake mbili kule, mnalinyoosha, mnalikunja kwa urefu, kisha mmoja anamwendea mwenzake na kumkabidhi pembe zake. Mwenza wa dada alikuwa mwanamke tuliyemwita Rula, maana hakukubali shuka liingie kabatini kama limepinda hata kwa upana wa ukucha. Walikuwa wameshakunja pamoja miaka kumi na miwili. Rula hakubahatika kusoma. Msimamizi alipotaka kila meza iweke alama kwenye mashuka yake, ili wodi ikilalamika ijulikane ni kazi ya nani, Rula ndiye aliyebuni alama yao: kimraba kidogo cha uzi mwekundu chenye nukta katikati. Baadaye akawa anakichora kila mahali, kwenye daftari la zamu, kwenye fomu ya likizo. Kimraba na nukta ndiyo ilikuwa sahihi yake.

Nilimpenda Rula, na nilimwonea wivu pia, nisiseme uongo. Mimi na Sajini ni tumbo moja, ziwa moja, lakini siri ya dada Rula aliijua Jumatatu, mimi naja kuisikia Ijumaa.

Dada alipofika miaka thelathini na tisa, tumbo likaanza kumsumbua. Kulikuwa na uvimbe kwenye kizazi, na damu haikatiki. Madaktari wakaamua kizazi kitolewe. Hilo alilikubali bila kelele. Watoto wawili wananitosha, alisema, na hawa wenyewe wamenifika hapa, akaonyesha puani. Jambo moja tu alilikataa. Alimwambia daktari wa upasuaji asiviguse vifuko vya mayai, na daktari akamjibu kwamba kama ni vizima vitaachwa.

Sababu ilikuwa mama yetu. Hedhi ya mama ilikatika mapema mno, hata arobaini hajafika. Alipotimiza hamsini na mbili mgongo ulikuwa umepinda hadi akawa anaongea na viatu vya watu. Mgeni akiingia, mama anamtambua kwa viatu. "Karibu baba, leo umepiga rangi," anasema, na sisi tunacheka, na yeye anacheka, lakini dada hakucheka hata siku moja. Nesi mmoja alitueleza kwamba vile vifuko ndivyo vinavyotoa homoni inayolinda mifupa ya mwanamke, na vikilala mapema mifupa nayo huliwa mapema. Dada alilishika neno hilo kama amri.

"Mimi sitaongea na viatu," alisema, siku moja kabla ya upasuaji, tukiwa watatu mezani: yeye, mimi na Rula. "Wanitoe wanachotaka, hivyo viwili waniachie."

"Wataviacha," Rula akamwambia, na akampigapiga mkono.

Kulipokucha nikavaa viatu nimsindikize. Rula akanizuia mlangoni. "Wewe baki na watoto, mdogo wangu. Mimi ni mtu wa palepale, nitakaa naye." Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa mikono miwili, jamani, nikamwita dada.

Siku ya tano wakamrudisha Sajini nyumbani, mnyonge lakini mzima. Nikamvuta Rula pembeni na kumuuliza kama kila kitu kimekwenda sawa. "Kila kitu sawa," akasema, huku ananyoosha shuka la kitanda. Alilinyoosha mara tatu, na lilikuwa limeshanyooka tangu mara ya kwanza. Nililiona hilo kwa macho yangu, na sikuuliza.

Baada ya miezi miwili dada akarudi kazini. Hapo ndipo kiti kilipoingia maishani mwetu. Rula alikuwa ameshamwendea msimamizi na kumwomba mwenzake atolewe kwenye kubeba na kukunja, awekwe kwenye kushona mashuka yaliyochanika. Alitafuta kiti mwenyewe. Akashona mto kwa mabaki ya mashuka, akaujaza pamba, akautia kimraba chekundu pembeni. Dada alipoinuka kufuata uzi, Rula ameshauleta. Alipotaka maji, Rula ameshayaweka mezani. Furushi likija Rula anabeba mara mbili, la kwake na la mwenzake, mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Chumba kizima kilimsifu. Mtu mwenye rafiki kama huyo, walisema, ana bahati ya mtende.

Dada alipinga mwanzoni. "Mimi si kikongwe," alisema. Rula akamjibu, "Umepasuliwa, Sajini. Tulia, mwili upone." Mwezi ukapita, mwaka ukapita, na mwili bado uliambiwa upone. Nyumbani nasi tukaiga. Mimi mwenyewe nilimnunulia kiti kingine cha kukaa dirishani. Wanawe, ambao sasa walikuwa wamekua, wakawa wanateka maji na kusugua sakafu. "Kaa, mama." "Kaa, dada." Kaa, kaa, kaa. Tuliona ndiyo heshima. Yule aliyetembea kama kikosi akawa anatoka kiti cha kazini anakuja kiti cha nyumbani, na taratibu akazoea, maana hata punda ukimfungulia mzigo hakuombi umrudishie.

Na lile joto! Tangu mwezi wa kwanza dada alikuwa akitokwa na jasho bila mpango. Uso unawaka, shingo inalowa, baada ya muda anatetemeka kwa baridi. Mwanamke mwingine angejua kuna jambo. Lakini yeye alifanya kazi kwenye chumba chenye mashine nne zinazochemsha maji na pasi ya mvuke yenye urefu wa kitanda, ambako kila mtu amelowa kuanzia asubuhi. Nani atajua jasho hili ni la mvuke na lile ni la mwili? Hata nyumbani akitupa blanketi alisema, "Ni joto la kazini, limeninasa." Nami nikamtania, "Basi njoo tukubandikie birika kichwani, tuokoe mkaa." Tulicheka sana siku hiyo. Rula alikuwepo. Alicheka pia, kidogo.

Miaka saba ikaenda hivyo.

Siku aliyovunjika ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Mto uliteleza, basi. Dada aliinama kuokota mkasi, mto ukaponyoka chini yake, akakaa sakafuni ubavu ubavu. Hakusukumwa na mtu wala hakutoka juu ya ngazi. Ni kimo cha kiti, kimo ambacho mtoto wa miaka miwili akianguka anainuka na kudai biskuti. Mfupa wa paja ukakatika karibu na nyonga, na dada yangu alikuwa na miaka arobaini na sita.

Wakampasua, wakamtia chuma. Daktari wa mifupa alikuwa binti mwembamba mwenye miwani na sauti ya chini. Siku ya tatu akamwambia asimame. Dada akakataa. Alikuwa na maumivu, lakini zaidi alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona dada yangu na hofu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja na ile fremu ya chuma ya kutembelea, akabembeleza, akaondoka nayo. Kesho yake vilevile. Na mchana Rula anakuja na uji na ule mto wake, anamwekea mgongoni, anamwambia, "Lala, Sajini. Usijisumbue. Nani anakukimbiza?"

Siku ya sita daktari akaja na picha za mifupa. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, mifupa yako ni myembamba kuliko umri wako," akasema. "Vifuko vya mayai vilitolewa lini?"

"Havikutolewa," dada akajibu. "Ni kizazi tu. Vifuko viliachwa."

 Daktari akatoka, akarudi na faili la zamani lenye vumbi, akalisoma akiwa amesimama. 

"Vilitolewa vyote viwili," akasema taratibu. "Siku ileile. Kimoja kilikuwa na uvimbe wa kutia shaka, cha pili kilikuwa kimegandamana na uvimbe wa kizazi na kinavuja damu. Daktari alitoka nje kuomba ruhusa kwa ndugu. Ndugu akakubali. Imeandikwa hapa kwamba ndugu ameelezwa kuwa mgonjwa arudi baada ya wiki sita aanzishiwe dawa ya homoni, na asikae bila kutembea. Hukurudi?"

"Nirudi kufuata nini, binti yangu? Nani aliniambia?"

 Daktari akanitazama. "Hapa pa uhusiano pameandikwa dada. Ni wewe uliyesaini?"

"Mimi?" Nilipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Mimi nilikuwa nyumbani na watoto! Na mimi naandika jina langu, herufi zote!"

Dada akanyoosha mkono. Daktari alisita, kisha akampa ile karatasi. Sajini akaitazama muda mrefu, halafu akanipa. Pale chini, mahali pa sahihi, palikuwa na kimraba kidogo, na nukta katikati.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote juu ya watu wengine.

Daktari akavuta kiti. Alitueleza kwa maneno ya nyumbani, namshukuru kwa hilo. Mfupa si jiwe, alisema. Ni kama nyumba inayokarabatiwa kila siku, kuna wanaobomoa na kuna wanaojenga. Homoni ya vile vifuko huwazuia wabomoaji wasizidishe. Ukitembea na kubeba mzigo, ule uzito ndio unaowaita wajenzi kazini. Mtu akilala au akikaa tu, mfupa hupungua, hata awe kijana mwenye nguvu zake, ila kijana akisimama tena unarudi polepole. Mwanamke aliyekatikiwa na homoni ghafla, kisha akakalishwa, anapungukiwa pande zote mbili kwa pamoja.

"Sasa tumeanza dawa," akasema. "Lakini dawa peke yake ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni miguu yako. Kila wiki unayolala hapa, unaendelea kupoteza. Mama, usiposimama mwezi huu, sijui kama utasimama tena."

Dada akauliza swali moja tu. "Nitapinda?"

"Ukisimama, tutapigana ili upinde kidogo kadiri iwezekanavyo."

Daktari alipoondoka nilimwaga yote. Niliwalaani hospitali, waliomwambia aliyesaini wakamsahau mwenye mwili, eti kwa kuwa ni mfanyakazi wao na dada yake yupo, habari zitafika. Nikamlaani Rula na mto wake na uji wake.  Sajini aligeuza uso ukutani, na machozi yakamshuka kuelekea sikioni, na hakuyafuta. Nilijua analia nini. Analia ile miaka kumi na miwili ya kukunja na miaka saba ya kuletewa maji.

Saa nane Rula akaingia, chupa ya uji mkononi, tabasamu lake lilelile. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno, haki ya Mungu, maneno ambayo yangemtoa nje kwa magoti. Dada akanishika mkono.

"Rula," akasema. "Karatasi nimeiona."

Chupa haikuanguka, wala Rula hakupiga yowe. Aliiweka mezani vizuri, akapangusa mikono kwenye sare yake.

"Walisema utavuja damu mpaka ufe," akasema. "Walitaka jibu palepale, Sajini. Walisema ndugu yuko wapi, nikasema ni mimi. Ningefanyaje? Nilisaini ili usife."

"Kusaini sikulaumu. Hata mdogo wangu angesaini." Sauti ya dada ilikuwa kavu. "Nilipoamka ulikuwa umekaa hapo kando. Nilikuuliza. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, wameviacha? Ukasemaje?"

Rula akainamisha kichwa. "Nilisema wameviacha."

"Na dawa?"

"Nilisubiri upate nguvu nikwambie. Wiki sita zikafika, ukawa unacheka, unasema mimi sitaongea na viatu. Nikaogopa. Nikasema kesho. Halafu ikawa aibu, Sajini, ukishachelewa inakuwa aibu. Nikaona basi nikubebee mimi. Kila kitu nikubebee mimi, usichoke, mifupa isiumie. Sikujua kama..." 

"Waliokueleza walikwambia nitembee."

"Walisema. Mimi niliona ni maneno ya madaktari tu. Mtu mgonjwa si anapumzishwa?"

Na hapo, wasomaji wangu, nilitamani kumrukia, na sikuweza. Maana nami niliona hivyohivyo. Nami nilinunua kiti.

 Kisha dada akafanya kitu ambacho hatukukitarajia. Akalifunua shuka miguuni, akalivuta lote, akaniambia, "Nipe hiyo fremu." Yule mtaalamu wa mazoezi alikuwa kitanda cha tatu, akaacha kazi akaja nayo mbio. Sajini akajisukuma, akasogeza matako ukingoni, uso umemgeuka majivu. Akasimama. Akaegemeza nyonga iliyo nzima kwenye kitanda na kumtupia Rula ncha ya shuka.

"Shika," akasema. "Pembe zako mbili."

Rula akashika. Mikono yake ilijua kazi. Wakalinyoosha shuka katikati ya vitanda, wakaleta pembe pamoja, wakalikaza. Lilikuwa limenyooka kabisa.  Ikabaki ile hatua ya mwisho, ya mmoja kumwendea mwenzake, na Rula, kwa mazoea ya miaka yote, akainua mguu aje.

"Simama hapohapo," Sajini akamwambia. "Umeshanijia vya kutosha. Safari hii nakuja mimi."

Akazibana pembe za shuka vidoleni pamoja na kishikio cha fremu, akaisogeza mbele. Hatua ya kwanza alitoa sauti niliyowahi kuisikia siku anajifungua. Mtaalamu alimfuata nyuma, mikono hewani. Hatua ya pili. Jasho likamshuka, na safari hii kila mtu alijua ni la nini. Hatua ya tatu akapumzika, shuka limelegea kati yao. Ya nne akafika, na vichwa vyao vilikuwa karibu kama vilivyokuwa mara elfu na elfu mle chumbani.

Rula alikuwa analia waziwazi. "Dada," akasema.

Sajini akazichukua pembe vidoleni mwa Rula, moja, kisha ya pili. Akalitundika shuka kwenye fremu. Mle ukingoni nikakiona kimraba chekundu.

"Dada yangu ni huyu hapa," akasema, bila kunitazama. "Nenda kazini, Rula. Kuanzia leo tafuta mtu mwingine wa kukunja naye. Na mto wako uchukue."

Rula akauchukua mto, akaukumbatia kifuani, akatoka. Chupa ya uji aliisahau. Viatu vyake vya mpira nilivisikia hadi mwisho wa korido.

Miaka kumi na tisa nilisubiri kusikia neno lile, dada yangu ni huyu hapa, mbele ya Rula, mbele ya watu. Nikalipata. Nikamwona Sajini anayumba kidogo pale kwenye fremu, kitanda kiko mbali hatua nne nyuma yake. Nikasogea haraka, nikamtia mkono kwapani, na mguu wangu ukavuta kiti kilichokuwa karibu. "Kaa kwanza, dada," nikasema.

Akageuza kichwa. Macho aliyonitazama nayo yalikuwa yaleyale aliyomtazama nayo Rula.

"Na wewe," akasema, "niachie."

Nikaondoa mkono.